Chochoni Kabla ya Pax

Mwaka 1892 mwanabotania wa Kijerumani, Ferdinand Pax, alichapisha maelezo ya kiazi kikuu cha mwituni kutoka Zanzibar na kukipa jina la kisayansi, Dioscorea sansibarensis. Kwa kanuni za botania mmea huo unahesabiwa kuanzia hapo, na jina la Pax huandikwa ubavuni mwake mpaka leo. Kisiwani Pemba mmea huo huitwa chochoni. Watu wa kisiwa hicho walijua kwamba una sumu, na walijua pia namna ya kuula usiwadhuru. Ukiulizwa waasisi wa botania katika pwani yetu ni nani, jibu la vitabuni ni orodha ya wageni: Wenceslas Bojer wa Bohemia, aliyefika Unguja, Pemba na Mombasa mwaka 1824, Daktari John Kirk, aliyehamia Zanzibar mwaka 1866, kisha Wajerumani. Orodha hiyo si ya uongo. Ina pengo, na pengo lenyewe ni la kisayansi zaidi kuliko la heshima.

Tuanzie na ardhi. Magharibi mwa Pemba kuna vilima vya udongo wenye kina, ambako mikarafuu imestawi tangu karne ya 19. Kijiji cha Vitongoji kiko upande wa pili, mashariki ya Chake Chake, kwenye ukanda wa maweni: jiwe la matumbawe lililotoboka-toboka, lenye udongo kidogo uliojikusanya mashimoni, na vichaka juu yake. Mvua ikikosea katika ardhi ya namna hii, shamba halina akiba. Hapo elimu ya mimea ya porini huacha kuwa ya kupitishia wakati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula kilipoadimika visiwani, Wapemba walirudi kwenye chochoni. Kuupika si jambo la kubahatisha: kwa jumla kiazi humenywa, hukatwa vipande, hulowekwa na kuoshwa kwa maji yanayobadilishwa tena na tena, kisha huanikwa. Ukiruka hatua, utaugua. Ni utaratibu unaorudiwa na kutoa matokeo yaleyale, na mtu mwingine anaweza kuufuata akaupima. Wanasayansi hudai hayohayo kwa jaribio lolote.

Kuna atakayesema kuwa hiyo ilikuwa njaa tu, haukuwa utafiti. Aliyekula chochoni alitaka kushiba, hakutaka kujua. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama wageni wenyewe wangesukumwa na udadisi mtupu. Kirk alikuwa tabibu na mpenzi wa kweli wa mimea, lakini aliyoyaandika kwa bidii kubwa yalihusu bidhaa, kama vile mimea itambaayo ya mpira, mmojawapo ukiwa Landolphia kirkii uliobeba jina lake, na sandarusi iliyouzwa ng'ambo kutengenezea vanishi. Taasisi ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani huko Usambara mwaka 1902, ilikuwa ya biolojia na kilimo kwa pamoja, na mashamba ya walowezi yalikuwa yakisubiri majibu yake. Haja haijawahi kuwa dosari ya sayansi. Mara nyingi ndiyo iliyoilipia nauli.

Sandarusi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha elimu mbili zikikutana juu ya kitu kimoja. Wachimbaji na wafanyabiashara wa pwani walikwisha kutofautisha sandarusi iliyokomaa, inayochimbwa ardhini mahali ambapo pengine hapana mti wowote, na chakazi, utomvu mbichi wa msandarusi ulio hai, ambao bei yake ilikuwa ndogo. Wazungu walilichukua neno hilo hilo na kulipotoa katika vitabu vyao vya biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Kirk alichukua majani na maua yaliyonasa ndani ya sandarusi ya kuchimbwa, akayalinganisha na msandarusi unaoota leo, na kuonyesha kwamba vyote viwili vimetoka katika mti wa aina moja. Ulinganisho huo ni wake, na ni kazi safi. Lakini swali alilolijibu lilikuwa limekwisha kupangwa na watu wenye majembe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Elimu isiyoandikwa haivuki bahari. Mtu wa Vitongoji hakuwa na njia ya kujua kwamba chochoni chake ndicho kinachoota Madagaska na mbali barani Afrika; kabati la mimea iliyokaushwa, pamoja na jina moja linalokubaliwa na wote, ndivyo vilivyowezesha kujua hilo. Majina ya kienyeji nayo hugongana: mmea mmoja una majina matano, na jina moja hubeba mimea mitatu. Ila tusijidanganye kwamba Kilatini kimetulia. Mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya minazi wa msitu wa Ngezi usioota kiasili popote nje ya Pemba, uliitwa Chrysalidocarpus pembanus mwaka 1962, ukahamishiwa Dypsis mwaka 1995, na mwaka 2022 ukarudishwa Chrysalidocarpus. Ngezi muda wote huo ulikuwa mpapindi. P. J. Greenway wa Amani alilielewa jambo hili mapema; mwaka 1937 alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza, maana bila majina ya wenyeji mtaalamu hawezi hata kuuliza njia.

Kuna mambo ambayo jicho la mkulima lisingeyafikia kamwe. Ncha za majani ya chochoni zina vifuko vilivyojaa bakteria, na mwaka 2017 watafiti, wakiwemo wa Ghent, Ubelgiji, waliwapa bakteria hao jina, Orrella dioscoreae. Hurithiwa kizazi hadi kizazi kupitia viazi vidogo vinavyoota kwenye makwapa ya majani. Wanaufanyia mmea kazi gani hasa bado ni swali la maabara. Maji yanayomwagwa baada ya kuloweka kiazi yana swali lake pia: sumu gani hutoka, kwa kiasi gani, katika maji ya mara ya ngapi. Kulipima hilo kunahitaji mizani ya mkemia, na kunahitaji kwanza mtu anayejua kuutayarisha mmea huo ipasavyo. Watu hao wanazidi kupungua, kwa kuwa mchele sasa hupatikana dukani.