Nyumba za Nyasi Katika Milima ya Japani

Tukisikia Japani, wengi wetu tunafikiria magari na redio. Lakini katika mkoa wa Gifu, katikati ya milima, kipo kijiji cha Shirakawa ambako wageni huenda kutazama nyumba za nyasi. Ukitoka mji wa Takayama kwa basi ni mwendo wa saa moja hivi. Nyumba nyingi zipo kitongoji cha Ogimachi.

Usidhani ni vibanda! Nyumba moja inaweza kuwa na ghorofa tatu au nne, na paa limesimama kama viganja viwili vilivyokutanishwa wakati wa kuomba. Sababu yake ni theluji. Wakati wa baridi theluji hupita kimo cha mtu, na paa la kulala lingevunjika. Kenchi za paa hazina misumari, zimefungwa kwa kamba na fito. Darini zamani walifuga viwavi wa hariri. Chini kuna meko, na moshi wake hukausha nyasi na kufukuza wadudu. Hilo mama zetu wanalijua sana.

Paa hudumu miaka 30 au zaidi, kisha lazima liezekwe upya. Hapo ndipo kazi ilipo. Mtu mmoja hawezi. Basi wanakijiji wana desturi yao iitwayo yui: leo kwako, kesho kwangu. Hukusanyika watu 100 hata 200, na upande mmoja wa paa unakwisha kwa siku moja au mbili. Siku hizi mapaa mengine huezekwa na mafundi wa kulipwa.

Nyumba nyingi za namna hii zimepotea, nyingine zilifunikwa na maji ya bwawa la umeme. Ndipo mwaka 1971 wenyeji wa Ogimachi wakapatana: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Mwaka 1995 UNESCO ikakitia kitongoji hicho katika urithi wa dunia.

Na chakula je? Samaki wa mtoni hutiwa chumvi, huchomekwa kijiti na kubanikwa kando ya moto. Kuna pia miso, yaani soya iliyopondwa na kuchachushwa kwa chumvi. Huwekwa na uyoga juu ya jani kavu, pana, liitwalo hoba, kisha jani hilo huwekwa juu ya makaa. Huliwa kwa wali. Mwezi wa Oktoba, kwenye sikukuu ya mavuno, wageni huonjeshwa pombe ya mchele isiyochujwa, nyeupe na nzito kama uji.

Kitu wanachokiogopa kule ni moto. Wametandaza mabomba ya maji kitongoji kizima, na kila mwaka hufanya mazoezi ya kurushia mapaa maji. Wageni hupita milioni moja kwa mwaka, wenyeji wa Ogimachi ni mia chache tu. Kwa hiyo mwenye sigara huonyeshwa mahali pake pa kuvutia, wala hapaswi kuiwasha njiani.