Redio, Simu na Birika la Chai: Tujichagulie Nini Ugenini?

Mwezi Machi 2007 mambo mawili yalitukia katika sehemu hii ya Afrika, na wakati ule hakuna aliyeyatia katika kapu moja. Kikosi cha kwanza cha wanajeshi wa Uganda kilitua Mogadishu, katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Afrika ulioitwa AMISOM. Mwezi huo huo, nchini Kenya, ikazinduliwa M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu ya mkononi. Tukitazama nyuma twaona kwamba mambo hayo yalikwenda sambamba. Askari alipelekwa mbali na kwao, na simu ndogo iliyomo mfukoni mwake ikawa ndiyo njia ya kuifikia nyumba yake. Wazee wetu waliokwenda Burma katika Vita Kuu ya Pili walitegemea barua zilizosafiri kwa meli. Sisi twasikia mtoto akilia jikoni, nasi tumekaa juu ya mifuko ya mchanga.

Neema hiyo si haba. Lakini imekuja na maswali yake. Askari aliye ugenini ana fedha mkononi kuliko alivyozoea, ana saa nyingi za upweke baada ya zamu, na mbele yake kuna rafu zilizojaa vyombo vinavyometameta. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi tumeonelea tuzungumze, kama watu waliokula chungu kimoja, juu ya namna ya kuchagua vyombo vyetu na starehe zetu ndogo tuwapo nje ya nchi.

Kabla hatujatoa fedha, kila chombo na tukiulize maswali manne. Je, kitakula nini? Kitaishi wapi? Kitatengenezwa na nani? Na la nne, ambalo raia aweza kulisahau lakini sisi hatuwezi: je, kitatusaliti?

KITAKULA NINI?

Chakula cha chombo ni umeme, na umeme wa dunia si mmoja. Uganda hutumia volti 240. Marekani hutumia volti 120, na Japani volti 100. Katika kambi za kimataifa watu wa mataifa mengi huuziana vitu wanapoondoka, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwenzetu mmoja alinunua pasi nzuri kwa bei ya kutupa, iliyotoka Marekani. Jumapili asubuhi aliichomeka katika soketi ya kwetu. Hata shati la kwanza halijanyooka, moshi ulijaa hema zima. Sababu yake ni hesabu tu: pasi iliyoundwa kwa volti 120 ikipewa volti 240 hutoa joto si mara mbili, bali mara nne.

Dawa yake ni kusoma kibandiko. Chaja nyingi za simu na kompyuta ndogo zimeandikwa 100–240V. Hizo zakubali umeme wa nchi yoyote, nazo zataka adapta ya plagi tu. Penye 120V peke yake pataka transfoma, na transfoma ya kumudu pasi au birika ni nzito na ghali kupita chombo chenyewe. Plagi nazo hazifanani: kwetu Uganda, na aghalabu Kenya, ni pini tatu bapa, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo ni pini mbili za mviringo.

Ama pawabanki, tusidanganywe na tarakimu kubwa. Iliyoandikwa 10,000 ina nguvu ya wati-saa 37 hivi. Haitaijaza simu ya betri ya 5,000 mara mbili, maana umeme mwingine hupotea njiani kwa joto. Tuhesabu mara moja na kitu. Ya 20,000 ina wati-saa 74 hivi. Tukumbuke pia kwamba ndege za abiria huruhusu pawabanki hadi wati-saa 100 bila kuomba idhini, tena sharti iwe katika mkoba wa mkononi, si katika mzigo wa chini. Isiyoandikwa nguvu yake yaweza kunyang'anywa uwanjani. Na paneli ndogo ya jua ya wati 10 haitoi wati zote 10 mchana kutwa. Kuijaza pawabanki ya 10,000 huchukua karibu siku nzima ya jua kali.

KITAISHI WAPI?

Aliyelinda pwani ya Somalia anaijua hewa yake. Iwe kaskazi au kusi, upepo huja na chumvi na mchanga mwembamba uingiao hata katika mkate. Chumvi hula vyuma vya soketi, na mchanga huziba tundu za spika. Hivyo simu nyembamba kama wembe, yenye kioo mbele na kioo nyuma, ni pambo la mjini. Sisi tutafute simu iliyofungwa vizuri dhidi ya maji na vumbi, tuivike gamba la mpira, na tuiweke katika mfuko wa plastiki wakati wa doria.

Joto nalo ni adui wa betri. Simu au pawabanki iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari saa sita mchana huzeeka kabla ya wakati wake. Chombo kisichotumika kwa miezi kikae kivulini, na betri yake ibaki nusu. Isiwe imejaa pomoni wala imekauka.

KITATENGENEZWA NA NANI?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chombo kigeni kisicho na vipuri nyumbani ni mgeni asiye na jamaa. Akiugua hana wa kumuuguza. Tujiulize kama fundi wa Kampala, Gulu au Mbarara anakijua, na kama kioo chake chapatikana. Simu ya kawaida ambayo kila fundi ameifungua mara mia yafaa kuliko ya ajabu ambayo hakuna aliyeiona.

Tukinunua simu, tubonyeze *#06#. Itaonyesha namba yenye tarakimu 15, na tuilinganishe na ile iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, turudishe fedha mfukoni. Ikiwa imetumika, muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yetu, kwani simu iliyofungwa kwa akaunti ya mwingine ni jiwe. Tupendelee yenye nafasi ya laini mbili, moja ya huko na moja ya nyumbani, na yenye tundu la chaji la USB-C. Umoja wa Ulaya uliifanya USB-C kuwa sharti la simu mpya ziuzwazo huko tangu tarehe 28 Desemba 2024, na sasa waya mmoja waweza kulisha simu, tochi na redio za hema zima.

KITATUSALITI?

Ndugu askari, hapa tusimame kidogo. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kuhesabu mbio na matembezi, ilichapisha ramani ya dunia iliyoonyesha njia walizopita watumiaji wake. Januari 2018 watu waligundua kwamba katika jangwa la Siria na milima ya Afghanistan, mahali palipokuwa giza tupu kwenye ramani, kulikuwa na michirizi ya mwanga. Ilikuwa ni askari waliokuwa wakikimbia mazoezi ya asubuhi kuzunguka kambi zao, saa zikiwa mikononi. Mwezi Agosti mwaka huo huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikapiga marufuku vyombo na programu za kuonyesha mahali kwa askari walioko katika maeneo ya operesheni.

Likaja la Makiivka, mashariki mwa Ukraina. Dakika chache baada ya saa sita usiku, mwaka 2023 ulipokuwa ukiingia, makombora yaliangukia jengo walimolala askari wa Urusi. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilikiri vifo 89, ikasema sababu kuu ni matumizi ya simu za mkononi yaliyomwezesha adui kujua walipo. Nayo Urusi ilikuwa na sheria ya kuwazuia askari kutumia simu za kisasa kazini tangu mwaka 2019. Sheria ilikuwapo, watu walitaka tu kuwatakia wake zao heri ya mwaka mpya.

Hatuwezi kuwacheka. Nani kati yetu hajawahi kuitamani sauti ya nyumbani usiku wa sikukuu? Ndiyo maana twasema nidhamu ya simu ianze siku ya kuinunua. Tuzime uwezo wa kuonyesha mahali tulipo. Tusivae lindoni saa isemezanayo na setilaiti. Tusipige picha yenye mnara, lango wala gari la kambi nyuma yetu. Saa ya kawaida yenye mishale ing'aayo gizani yatosha kabisa. Na tochi iwe na taa nyekundu, maana mwanga mwekundu hauyapofushi macho yaliyokwisha kuzoea giza.

REDIO YENYE THAMANI YA UHAI

Pengine mtu atasema starehe hizi ni upuuzi. Na aukumbuke mji wa Mogadishu, Aprili 2010. Kundi la Hizbul Islam liliziamuru stesheni za redio ziache kupiga muziki. Stesheni nyingi zilitii kwa kuhofia roho za watangazaji wao. Mahali pa muziki wa kufungulia vipindi zikaweka milio ya risasi na sauti za wanyama. Redio Mogadishu ya serikali, iliyokuwa katika eneo lililolindwa na wanajeshi wa Umoja wa Afrika, iliendelea kupiga nyimbo.

Hebu tulifikiri hilo. Mama anayekanda unga na kijana anayeuza ndizi walifungua redio zao ili wasikie wimbo. Kulinda mji kulikuwa pia kulinda starehe ndogo kama hiyo. Kwa hiyo redio ya transista, yenye masafa mafupi na betri za kawaida, bado ina nafasi yake katika begi la askari. Hupokea tu, haitangazi mahali ilipo. Hula umeme kidogo mno. Na hema zima huisikiliza pamoja, badala ya kila mtu kujifungia na visikilizio vyake masikioni kama konokono.

STAREHE ZISIZO NA BETRI

Nyingine hazihitaji hata betri. Chai ya Kisomali, yenye iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi, ni binamu wa chai ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Birika dogo na kifuko cha viungo havizidi uzito wa kitabu. Tulipoona wenyeji wakila wali pamoja na ndizi mbivu, wa kwanza wetu aliguna. Wa mwisho alikuwa akiomba nyongeza.

Kwetu Uganda tuna omweso: mashimo 32 na kete 64. Ubao ukikosekana, mashimo huchimbwa mchangani na kete huwa mawe. Mchezo huo hauishiwi chaji, na haujawahi kumtaja mtu alipo. Na wale waliofika Barawa, mji uliokombolewa Oktoba 2014, walikutana na starehe isiyouzwa dukani: kuwasikia wazee wakisema Chimwini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, na kutambua neno moja, kisha la pili, mamia ya maili kutoka nyumbani.

MWISHO WA SAFARI

AMISOM ilifuatiwa na ATMIS mwezi Aprili 2022, na ATMIS ikafuatiwa na AUSSOM Januari 2025. Majina hubadilika, lakini kila zamu ina siku yake ya kufunga mizigo. Twamkumbuka rafiki yetu aliyerudi na televisheni kubwa kama mlango. Kijijini kwake nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Kwa miaka miwili televisheni ile ilifunikwa kitambaa cha kudarizi, kuku wakitaga nyuma yake. Mwenzake aliyelala hema moja naye alirudi na taa tatu za jua na redio. Usiku wa kwanza watoto wake walisoma kwa mwanga mweupe, na jirani wakaja kusikiliza habari.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila tunachokinunua ugenini, na tukipime kwa marejeo hayo: kitufae huko bila kutuhatarisha, na kiwafae nyumbani siku tutakapotua begi mlangoni.