Kupandikiza kioo cha jicho: Si lazima tena kung'oa kioo kizima

Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, Dk. Eduard Zirm alimpandikizia kibarua Alois Glogar vipande vya konea, yaani kioo cha jicho, ya mtoto wa miaka 11 ambaye jicho lake halikuweza kuokolewa. Chokaa ilikuwa imemuunguza Glogar macho yote mawili. Jicho moja lilikataa, jingine likaona.

Kwa karibu karne nzima baada ya hapo, upasuaji ulibaki hasa wa namna moja. Daktari alikata kiduara katikati ya konea, akakitoa chote, akaweka cha marehemu na kukishona. Fikirini kazi hiyo: kioo chenye unene wa nusu milimita kinazungushiwa mishono 16 hivi ya nailoni nyembamba kuliko unywele, chini ya hadubini. Mishono huvuta kioo, mgonjwa akaona vitu vimepinda. Na kovu lile halirudi kamwe kuwa imara kama jicho la kuzaliwa nalo. Ngumi au mpira unaweza kulifumua hata baada ya miaka mingi.

Kilichobadili mambo ni swali la ugonjwa wenyewe uko wapi. Nyuma ya konea kuna safu moja ya seli zinazosukuma maji nje usiku na mchana ili kioo kisipate ukungu. Seli hizo zikifa, hazizaliwi nyingine. Kwa wazee wengine hufa kwa maradhi ya kurithi. Kwa wengine zilijeruhiwa na lenzi za zamani za upasuaji wa mtoto wa jicho. Ikiwa safu ya nyuma ndiyo mbovu, kwa nini kung'oa iliyo nzima?

Mholanzi Gerrit Melles alijibu kwa vitendo mwaka 1998, akabadili tabaka la nyuma peke yake, na kufikia 2006 akapandikiza utando mtupu wenye unene wa kama sehemu ya mia ya milimita. Utando huo ukibanduliwa hujikunja kama mkeka. Daktari huutia rangi ya buluu auone, huupenyeza kwa tundu dogo, kisha hugonga-gonga jicho kwa nje mpaka ukunjuke. Kiputo cha hewa huusukuma juu ushike. Mgonjwa hulala chali akitazama dari, na wengi huona vizuri baada ya wiki chache badala ya mwaka.

Kwetu, hata hivyo, sababu ni nyingine. Miongoni mwa wanaohitaji konea Afrika Mashariki ni vijana wengi ambao kioo chao kimechongoka mbele kama pia, maradhi yanayoandamana mara nyingi na mzio na tabia ya kufikicha macho tangu utotoni. Hao safu yao ya nyuma ni nzima, hivyo wanafaa kubadiliwa matabaka ya mbele tu. Na wakiwahiwa, huenda wasihitaji kisu: tangu 2003 ipo tiba ya matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno inayokaza konea isizidi kuchongoka. Kisha kuna wenye makovu, kile ambacho wazee huita chamba: mtoto aliyeugua surua akiwa na upungufu wa vitamini A, mama mwenye vikope, mkulima aliyechomwa na jani la mahindi, jicho likaota kuvu. Kovu likishapita unene wote, ni kurudi kwenye upasuaji wa zamani. Kwa hiyo naona si haki kuuita upasuaji huo umepitwa na wakati.

Tatizo kubwa kuliko mbinu ni konea zenyewe. Hesabu ya dunia ilionyesha kuwa mwaka 2012 zilipandikizwa kama 185,000 katika nchi 116, huku watu milioni 12.7 wakisubiri: konea moja kwa wahitaji karibu 70. Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, imekuwa ikipeleka konea nje tangu miaka ya 1960, kwa sababu raia wake walikubali kutoa macho wakishakufa.

Uzee hauzuii kutoa konea, wala kuvaa miwani hakuzuii. Konea huchukuliwa ndani ya saa chache baada ya kifo, na uso wa marehemu hauharibiki. Kama uko radhi, waambie watu wa nyumbani leo, maana ndio watakaoulizwa. Na mwanao akifikicha macho kila siku, usimpe dawa ya dukani; mpeleke kliniki ya macho.