Fimbo Haimfundishi Mbwa Kuacha Kuuma

Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo. Kuanzia wiki ya tatu hivi meno ya utoto huchomoza, 28 kwa jumla, makali kama sindano, na hapo ndipo mafunzo yake ya kwanza yanapoanza. Akimng'ata ndugu yake kupita kiasi, mwenzake hulia na kukatisha mchezo. Akimuumiza mama wakati wa kunyonya, mama huinuka akaenda zake. Hayo yakijirudia siku nzima, hujua kupima nguvu za taya zake. Watafiti wa Kimarekani Scott na Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kuwa kati ya wiki ya 3 na ya 12 ndipo mbwa anapojifunza kuishi na wengine. Kumbe huku kwetu si ajabu mbwa kugawiwa akiwa na wiki nne au tano, alimradi ameanza kulamba uji. Angeachwa na mama hadi wiki ya nane, nusu ya kazi ingekuwa imeshafanyika.

Wapo watakaosema kofi moja linatosha. Ni kweli, aliyechapwa mara nyingi huacha kuuma pale pale. Lakini alichojifunza ni kuogopa mkono, na mara nyingi huacha pia kunguruma, yaani onyo lenyewe, kwa hiyo siku akibanwa pembeni huuma bila kutoa taarifa. Dawa ni kumfanyia alivyofanya mama. Mkono ukiwa mdomoni mwake usiuvute, maana kinachokimbia ndicho anachotaka kukikamata; ulegeze, simama, mpe mgongo kwa nusu dakika bila neno. Kisha mrudie na kitu anachoruhusiwa kutafuna: kamba nene, au kitambaa kilicholowekwa na kugandishwa kwenye friji, hasa kati ya miezi minne na sita, meno 42 ya ukubwani yanapoota na ufizi kuwasha. Nyumba nzima ifanye hivyo hivyo. Baba akimgeuzia mgongo huku watoto wanakimbia wakipiga kelele, mbwa atachagua watoto.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye kutaka mlinzi: akilelewa hivi si atawalamba wezi? Ulinzi huanza na kubweka na kumtambua mgeni, mambo yanayokuja na umri. Hata mbwa wa polisi hufundishwa kuachia akiamriwa. Asiyejua kupima meno hamtofautishi mwizi na mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani, na Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Basi mpeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi mitatu. Na jino lake likitoboa ngozi ya mtu, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.