Ndai za Stima Zimefika Nairobi, Lakini Utachajia Wapi? Shika Rada

Simama Thika Road dakika chache tu na utaona nduthi za stima zikikupita bila kelele. Kama zinafanya kazi ama la, hiyo tushamaliza. Swali limebaki moja: utachajia wapi?

Kama uko na boma lako Karen ama Runda, hauna stress. Unachomeka usiku, asubuhi unatoka. Lakini kama keja yako iko floor ya nne Pipeline ama Roysambu, moti iko chini, soketi iko juu, na landilodi hataki kuona waya ukining'inia kwa dirisha. Kwa wasee kama hao, stesheni za umma ndizo zinaamua kama watawahi kumiliki ndai ya stima.

Stima si shida

Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Usiku watu wakilala matumizi yanashuka, na kule Olkaria mvuke mwingine unaachiliwa tu hewani. Ndio maana mwaka wa 2023 EPRA ilitoa bei spesheli ya kuchaji magari: KSh 16 kwa uniti, na KSh 8 usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni kabla ya ushuru na makato mengine.

Piga hesabu. Nduthi yenye betri ya uniti 3 inajaa na 48 bob mchana, 24 bob usiku. Ndai ya uniti 40, kama Nissan Leaf nyingi za kizazi cha pili, ni 640 mchana, 320 usiku.

Lakini usichangamke mapema. Bei hiyo inahitaji mita yake ya kuchaji magari, si tokeni za kwa nyumba. Na mwenye stesheni lazima aongeze kodi ya nafasi, gharama ya mashine na faida yake. Stesheni zikiwa chache, unalipa chenye umeambiwa. Zikiwa nyingi, wanaanza kupigania customer.

Polepole ama chap chap?

Cheja ya kilowati 7 inachukua kama saa sita kujaza hiyo ndai ya uniti 40. Ya kilowati 50 inakutoa kwa kama saa moja. Shida ni kwamba hiyo ya haraka inataka laini kubwa ya stima na pesa mingi, ndio maana inafaa kwa moli na petroli stesheni. Ya polepole inatosha kwa parking ya ploti, mahali gari inalala usiku mzima. Kwa hivyo suluhisho ya mtaa inaweza kuwa soketi chache zenye mita, hapo chini penye keretaka anakaa.

Watu wa boda je?

Boda hana saa ya kungoja, kila dakika ni doo. Yeye anabadilisha betri: anaacha imeisha, anachukua imejaa, anasonga. Ampersand na Spiro ziko kwa hii biashara. Noma ni kwamba kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwa nduthi ya nyingine. Unaweza zimikiwa mbele ya kabati limejaa betri na bado usukume.

Mabasi kama ya BasiGo, yaliyoingia barabarani 2022, yamejipanga: yana mahali pao pa kuchaji usiku.

Kabla utoe doo

Angalia plagi. Leaf nyingi za mkono wa pili kutoka Japani zinachaji haraka kwa CHAdeMO, ndai za Ulaya mara nyingi ni CCS2, na zilizoundiwa soko la Uchina ni GB/T. Hakikisha stesheni ya route yako iko na yako.

Kama ni nduthi, usihesabu stesheni za kwa tangazo. Hesabu zenye ziko kati ya stage yako na kwako, na uulize zinafungwa saa ngapi.

Na uongee na landilodi kabla ununue. Akikataa na hakuna stesheni karibu, hiyo ndai itakuwa pambo la parking.