Goma: Kreyo yatafuta sura zilizofutika kwenye kadi ya uchaguzi

Katika jamaa nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, foto ya mwisho ya marehemu ni ile ya kadi yake ya uchaguzi. Kadi hiyo imetumika kwa miaka kama kitambulisho, kwa sababu serikali ilikaa muda mrefu bila kutoa kadi ya uraia. Lakini nyingi kati ya zile ambazo CENI iligawa kwa ajili ya uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka wa 2023 zilifutika haraka: maandishi yakapotea, sura ikabaki kivuli. Foto zingine ziliungua pamoja na nyumba Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, ao ziliachwa nyuma watu walipokimbia vita.

Hapo ndipo mchoraji wa kreyo anapata kazi. Anapokea kadi ao foto ya telefone, na kuchora sura yenye ukubwa wa foto pasiporti, inayoweza kukaa ndani ya Biblia ao pamoja na karatasi ambazo mtu anabeba akikimbia.

Udogo ndio ugumu wenyewe. Sura ikiwa na urefu wa sentimita 3, jicho moja halipiti milimita 4. Mstari ukihama nusu milimita, mtu anageuka kuwa mdogo wake. Kwa hiyo mchoraji anapiga kwanza vyumba-vyumba juu ya foto na juu ya karatasi, ananoa kreyo kila mara, na kuchagua karatasi laini.

Ngozi nyeusi nayo ina ufundi wake. Masomo mengi ya intaneti yanafundisha kuchora Wazungu, ambapo weupe wa karatasi unaachwa kuwa ngozi. Huku mchoraji anaanza na giza la kati kwa kreyo ya HB, anaacha mwanga kidogo tu kwenye paji la uso, pua na mashavu, kisha anaingia na 2B na 4B kwenye nywele na mboni. Akikandamiza sana, grafiti inang'aa kama bati na sura inapotea. (Ndani ya kreyo hamna risasi. Ni grafiti na udongo, mchanganyiko wa Mfaransa Nicolas-Jacques Conté wa mwaka wa 1795. Udongo ukizidi, kreyo inakuwa ngumu.)

Mabishano na wateja huanzia kwenye foto. Iliyopigwa karibu sana na uso inakuza pua, na WhatsApp inapunguza ubora wake. Afadhali kuituma kama dokima. Halafu jamaa haipatani: mmoja anataka baba alivyokuwa kabla ya ugonjwa, mwingine anamtambua tu akiwa amekonda. Bila avansi, mchoraji anaweza kumaliza kazi na kuambiwa kwamba haifanani.

Kazi hii haijawahi kupewa heshima kubwa. Hata Ingres, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, alipokosa wateja wakubwa kule Roma baada ya Napoleon kuanguka mwaka wa 1815, aliishi kwa kuchorea wageni Waingereza sura ndogo za kreyo, na hakupenda kujulikana kwa hizo. Leo watu wanakwenda museo kuziangalia.

Goma sasa hakuna watalii wa kutegemea. Tangu M23 ilipouteka mji mwezi wa kwanza 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege pia, na pesa ya sanaa ndiyo ya kwanza kukatwa nyumbani. Pembeni kuna programu za telefone zinazogeuza foto kuwa mchoro kwa sekunde chache, bure. Kwa foto safi, programu inatosha watu wengi, na si aibu kusema hivyo.

Kwa kadi iliyofutika ni jambo lingine. Programu inajaza mahali patupu kwa sura ya mtu yeyote. Mchoraji anaita ndugu wa marehemu, anaangalia masikio na taya zao, anauliza kovu lilikuwa upande gani, anafuta kwa gome na kuanza tena mbele yao. Mahali ambapo hakuna anayekumbuka, wachoraji waangalifu wanapaacha hafifu, na kuwaambia jamaa wazi kwamba pale hawakuona kitu.