Matabaka ya Lugha katika Majina ya Vilima na Mito: Batsinda na Viunga vya Kigali kwa Mwanga wa Tafiti za Kikelti

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi majina ya vilima na mito yanavyohifadhi athari za lugha zilizotangulia mahali fulani, pamoja na mipaka ya ushahidi huo. Mbinu iliyokomazwa katika uchunguzi wa majina ya Kikelti nchini Uingereza inapimwa kwa majina ya Batsinda na maeneo jirani jijini Kigali. Hoja kuu ni kwamba jina la mahali huonyesha lugha iliyolipa umbo. Halionyeshi nani mwenye haki ya kuishi hapo.

1. Utangulizi

Batsinda imo katika Sekta ya Kinyinya, Wilaya ya Gasabo, kaskazini mwa Jiji la Kigali. Mwaka 2008 eneo hilo lilipokea familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini, nazo zikajengewa makazi ya gharama nafuu. Miaka miwili kabla ya hapo, mageuzi ya utawala ya 2006 yalikuwa yamebadilisha majina ya miji kadhaa ya Rwanda: Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Ruhengeri ikawa Musanze, na Cyangugu ikapewa jina la mto Rusizi. Baadaye barabara za Kigali zilipewa alama za herufi na tarakimu, KG zikiwa za Gasabo, KN za Nyarugenge na KK za Kicukiro. Kwa hiyo uchunguzi wa majina ya mahali nchini Rwanda unahusu moja kwa moja mipango miji, ramani na elimu.

2. Funzo kutoka kwa majina ya Kikelti

Lugha za Kianglo-Saksoni zilipoenea Uingereza kuanzia karne ya 5, lugha ya Kikelti iliyokuwa ikizungumzwa huko ilififia katika sehemu kubwa ya nchi, lakini majina mengi ya mito yalibaki. Kenneth Jackson, katika kazi yake ya mwaka 1953, alionyesha mpangilio wa kijiografia wa mabaki hayo. Mashariki, majina ya Kikelti yalisalia hasa katika mito mikubwa. Kadiri mtu anavyoelekea magharibi, hata vijito vidogo vina majina hayo. Sababu yake inaeleweka: mto mkubwa hujulikana na jamii nyingi, na mgeni hulipokea jina lake tayari; kijito hujulikana na wanakijiji wachache, na wakibadili lugha jina hupotea nao.

Ishara nyingine ni urudufu wa maana. Avon, jina la mito kadhaa ya Uingereza, linatokana na neno la Kikelti lenye maana ya mto, ambalo katika Kiwelisi cha leo ni afon. Waliolipokea walilidhania kuwa jina maalumu. Afrika Mashariki ina mfano wake: Ziwa Nyasa, ambapo nyasa ni neno la Kiyao lenye maana ya ziwa. Nalo jina la Nairobi, lililotokana na neno la Kimaa lenye maana ya ubaridi, limedumu katika jiji ambalo wakazi wake wengi hawasemi Kimaa.

3. Majina ya Kigali na viunga vyake

Je, ishara kama hizo zinaonekana Kigali? Gisozi, kilima kilicho jirani na Kinyinya, kinatoa tahadhari ya kwanza. Shina -sozi ndilo lililo katika umusozi, yaani kilima kwa Kinyarwanda, na katika olusozi la Kiganda. Anayesema "kilima cha Gisozi" anarudufu maana, lakini ndani ya lugha ileile. Urudufu peke yake, basi, si ushahidi wa lugha ngeni.

Batsinda nalo linasomeka kwa sarufi ya Kinyarwanda. Umbo lake linalingana na kitenzi batsinda, "wanashinda", chenye shina -tsinda ambalo ni ndugu wa -shinda la Kiswahili. Hata hivyo, ulinganifu wa umbo hauthibitishi kisa chochote cha ushindi. Nyamirambo hufasiriwa kwa neno imirambo, "maiti", na kuhusishwa na vita. Fasiri za namna hiyo mara nyingi huzaliwa baada ya jina, kwa kuwa watu hutafuta maana katika maneno wanayoyajua.

Kipimo madhubuti zaidi ni kanuni ya Dahl. Katika Kinyarwanda, kiambishi chenye k hugeuka kuwa g mbele ya silabi inayoanza kwa konsonanti sighuna. Ndiyo maana kuna Gisozi, Gikondo na Gatsata kwa upande mmoja, na Kigali, Kinyinya na Kagugu kwa upande mwingine. Majina haya yote yametii kanuni. Kicukiro na Kacyiru hayatii: kwa kulinganisha na Gicumbi na Gacuriro, yangetarajiwa kuwa Gicukiro na Gacyiru. Mkengeuko huo unaweza kutokana na lahaja jirani isiyo na kanuni hiyo, na unaweza pia kuonyesha kwamba silabi ya kwanza haikuwahi kuwa kiambishi. Maelezo yote mawili yapimwe kabla ya kudai asili ya mbali.

Kwa upande wa mito, Nyabarongo na Nyabugogo yana kiambishi nya-, ambacho katika lugha za Maziwa Makuu huonyesha umiliki au uhusiano, karibu na "mwenye" la Kiswahili. Akagera ya Rwanda ni Kagera ya Tanzania. Tofauti ni irabu tangulizi tu. Ruvubu, mto wa Burundi, una shina la imvubu, yaani kiboko. Mito hii inavuka mipaka ya lugha na dola, hivyo kuchunguza majina yake katika lugha moja tu hakutoshi. Ikiwa matabaka ya kale zaidi yapo, mfano wa Uingereza unaelekeza yatafutwe kwanza kwenye mashina ya mito mikubwa. Viambishi havitoshi, kwa kuwa jina la kupokewa linaweza kuvishwa kiambishi kipya na wenye lugha iliyofuata.

4. Mipaka ya ushahidi

Nchini Rwanda suala la asili limewahi kugharimu uhai. Nadharia ya Kihami, iliyopata nguvu kutokana na kitabu cha John Hanning Speke cha mwaka 1863, ilidai kwamba watawala wa eneo hili walitoka Uhabeshi. Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera aliligeuza dai hilo kuwa tishio: Watutsi wangerudishwa Uhabeshi kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ilibeba miili hadi Ziwa Victoria. Mtafiti anayetangaza kwamba jina la mto ni la "wageni" hana budi kujua kauli hiyo inaingia katika historia gani.

Isimu yenyewe haiungi mkono matumizi hayo. Watu hubadili lugha bila kuhama, na majina hupokewa bila wenyeji kutoweka. Waingereza wanaotamka Avon leo ni wazawa wa jamii zilizochanganyika; jina halitenganishi nasaba zao. Vivyo hivyo, Wanyarwanda wote huyatamka majina ya vilima vyao kwa lugha moja, Kinyarwanda.

5. Hitimisho na mapendekezo

Majina ya Batsinda na viunga vyake yanasomeka kwa kiasi kikubwa kwa sarufi ya Kibantu, na machache yanayokengeuka yanahitaji ulinganisho wa makini. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, majina ya vilima, mabonde na vijito yarekodiwe kwa sauti, kwa kuwa maandishi ya kawaida ya Kinyarwanda hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu, na bila hivyo shina haliwezi kutambuliwa kwa uhakika. Vijito vitangulizwe, kwani majina yake ndiyo yanayopotea upesi ujenzi unapoenea. Pili, alama za barabara ziandikwe sambamba na majina ya asili. Tatu, vitabu vya shule vitenganishe fasiri za kimapokeo na uchanganuzi wa kiisimu, vikiheshimu zote mbili bila kuzichanganya. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kinaweza kuwa chombo cha kuwaunganisha watafiti wa Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania katika kazi hiyo, kwa kuwa mito wanayoichunguza ni ileile.